Kuba la Jumbe Mwinyipembe

“Shauri la Mwanamke Kusikia Bila Idhini.” Hivyo ndivyo karani alivyoandika juu ya ukurasa, akapiga mhuri mara tatu.

Nikisema kale, itikieni kalekale. Kale! Eeh, hapo sawa.

Kale hiyo, wajukuu zangu, kabla babu wa babu yenu hajapewa jina, Jumbe Mwinyipembe alikuwa na baraza ya duara, na juu yake kuba jeupe. Adabu ya baraza ilikuwa hii: hakuna kupaza sauti mbele ya Jumbe. Mwenye haja humnong'oneza Waziri, ukutani upande wa mashariki, Waziri humnong'oneza karani, karani huandika. Jumbe aliketi katikati, haambiwi ila yaliyokwisha kupikwa.

Mwanamize alikuwa fundi chokaa. Miezi sita aliusugua ukuta ule kwa jiwe la mtoni, akasugua, akasugua, hata ukawa laini kama ganda la yai. Asubuhi moja, yuko peke yake upande wa magharibi, sauti ikamwambia sikioni: “Kisima cha wanawake kifungwe. Bustani yangu inataka maji.”

Akageuka. Hakuna mtu! Hatua arobaini ng'ambo, midomo ya Waziri ilikuwa ikicheza. Jiwe likamtoka mkononi.

Akawaambia wenzake kisimani. Kufika adhuhuri, mji mzima unajua na Mwanamize ameshtakiwa. Akishindwa, anahamishwa mji, asirudi tena.

“Nani alikuambia?” Waziri akauliza.

“Ukuta, bwana.”

Watu wakacheka, kwa adabu, ndani ya viganja.

“Ukuta una mdomo?”

“Hauna. Una mviringo. Neno likiupata halina pa kujikwaa; linateleza, linateleza, mpaka linifikie. Jumbe, baba yangu, njoo uweke sikio hapa.”

Jumbe amwendee mshtakiwa! Karani akafungua daftari kutafuta kifungu. Wazee watatu wakateuliwa kulichunguza jambo hilo, nao wakaanza kwa kumtafuta mwenyekiti. Kabla hawajampata, Jumbe alikwisha kuinuka na kuegemea ukuta upande wa magharibi.

Kule mashariki, Waziri akamwinamia karani. “Mwache abusu chokaa. Mzee huyu ukimpa halua husahau kila kitu.”

Jumbe hakuona mtu, ila ni kama alihisi pumzi. Akaunong'oneza ukuta: “Ya lozi au ya ufuta?”

Waziri akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto!

Mmoja mmoja watu wakavua viatu, wakasogea. Bibi kizee mmoja akanong'ona jina la mwanawe aliyezama. Jina likazunguka chini ya kuba, likafika ng'ambo zima, halikupungua hata herufi. Mwanamize akaweka paji la uso ukutani. Miezi yote ile alidhani anasugua chokaa tu.

Basi, wajukuu, la kunong'ona na liwe la kusemeka sokoni. Hamjui ni ukuta gani uliosuguliwa. Kisa kimefika, kimetua mzigo, mpokeeni.

Kisima hakikufungwa, na Mwanamize hakuhamishwa.