Mlango Uliojifunga

Sogeeni karibu, na mwenye kazi mkononi aiweke kando kidogo, maana hii ni kesi, na waliotangulia kuisikia wameondoka wakibishana. Ina watu watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Elinuru. Yeye alijaliwa sikio. Aliishi Dodoma, na mama yake, Bi. Ndeanasia, aliishi peke yake Moshi. Kwa simu tu Elinuru alijua kama mama amekula au hajala, kama amelala vizuri au goti limemsumbua. Mama akisema "sijambo," Elinuru alisikiliza ile pumzi iliyotangulia neno.

Wa pili ni Kiwia, mtoto wa mdogo wake Bi. Ndeanasia. Alijaliwa mikono ya kupatanisha vitu vya zamani na vipya. Redio ya babu yako iliyokaa kabatini miaka, ukimpa Kiwia, utaikuta inaimba nyimbo zilizomo kwenye simu yako.

Wa tatu ni jirani, Lyatuu, aliyeitwa na wengi Baba Manka. Huyu alijaliwa kwenda. Watu wengine wakisikia kishindo husimama kwanza, waulizane ni nini. Baba Manka miguu yake ilikuwa imeshafika, maswali yakimfuata nyuma.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Bi. Ndeanasia kulikuwa na banda la gari. Lilijengwa kwa tofali, halikuwa na dirisha, na lilikuwa na mlango mmoja tu, mpana, wa chuma, uliopanda hadi chini ya dari kwa kuvutwa na mota. Mota hiyo ilifungwa na marehemu mumewe, zamani, wakati watu wa mitaa ile walikuwa wakija kuitazama. Ndani ililala pikapu ya buluu ya marehemu. Kila Jumamosi Bi. Ndeanasia aliingia, akaiwasha, akakaa kwenye usukani huku injini ikinguruma, kama mumewe alivyokuwa akifanya ili betri isife. Mlango aliuacha wazi nyuma yake.

Rimoti ya mlango ilipokufa, hazikupatikana nyingine za aina ile. Bi. Ndeanasia akaanza kuuinua mlango kwa mikono, na Elinuru akaogopa atavunjika mgongo. Akampigia Kiwia.

Kiwia alikuja na kiboksi cheupe cha kutosha kiganjani. Hakuibadilisha mota. Alikiunganisha kwenye nyaya mbili za swichi ya ukutani, akakiingiza kwenye intaneti ya nyumba, akabandika sumaku ndogo chini ya mlango ili kiboksi kijue kama umefungwa au haujafungwa. Kuanzia siku hiyo mlango ulisikia simu. Bi. Ndeanasia alibonyeza akiwa jikoni, ukapanda. Na Elinuru, kule Dodoma kazini, alipata ujumbe: mlango umefunguliwa, mlango umefungwa. Ulimtuliza moyo. Alijua mama ameamka, anatembea.

Lakini mama alianza kusahau. Mlango ukawa unabaki wazi mchana kutwa, na wezi walikuwa wameingia nyumba ya pili wakabeba mitungi ya gesi. Elinuru akampigia tena Kiwia.

"Uweke ujifunge wenyewe," alimwambia. "Ukikaa wazi kwa dakika kadhaa, ushuke."

"Inawezekana, dada. Ila mota hii ya zamani haina jicho. Haioni kama kuna mtu chini."

"Mama hakai huko, Kiwia. Anaingia, anatoka."

"Haya, dada. Nitaweka."

Elinuru aliyasema hayo bila kukumbuka Jumamosi, mama anapokaa ndani na kuwasha pikapu, na Kiwia naye hakuikumbuka.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha Moshi tangu asubuhi. Mchana Elinuru alikuwa anakunja nguo kitandani simu ilipotoa mlio. Mlango umefunguliwa. Akaendelea kukunja. Baadaye ikatoa mlio mwingine. Mlango umefungwa. Akatabasamu, akasema moyoni, afadhali, kazi ya Kiwia inafanya kazi. Kisha, kwa sababu tu alikuwa na nafasi, akampigia mama.

Mama alichelewa kupokea. Alipopokea, sauti ilikuja polepole, kama ya mtu anayetafuna kitu kigumu.

"Nuru. Baba yako amesema tusubiri mvua ipungue."

Elinuru aliliachia shati lililokuwa mkononi. Baba yake alikuwa kaburini miaka mingi.

"Mama, uko wapi?"

"Kichwa kinaniuma," mama alisema. "Nalala kidogo hapa."

Na nyuma ya sauti ile, chini yake, Elinuru akasikia mngurumo. Haukuwa wa mvua. Mvua haina mapigo. Huu ulikuwa na mapigo, sawasawa, na ulikuwa karibu sana na mama. Elinuru akautambua kabla hajapata neno la kuutaja. Injini inanguruma, mlango umefungwa, moshi wake hauna pa kutokea, na mama anazungumza na wafu.

"Mama, zima gari. Mama, nisikie, zima gari."

Mama hakujibu. Mngurumo ulibaki peke yake.

Elinuru akafungua programu ya mlango. Akabonyeza. Kwenye simu akasikia chuma kikilia, mnyororo ukivuta, halafu mlio mzito wa mota iliyolemewa, kisha kimya. Mvua ile ilikuwa imeufanya umeme kuwa mdogo, na mota haikuwa na nguvu ya kuuinua mlango hadi mwisho. Maandishi kwenye skrini yalisema: haujafungwa. Hayakusema umepanda kiasi gani. Labda unatosha mtu kupita, labda hautoshi hata paka.

Akainua kidole abonyeze tena. Kikabaki hewani.

Alikuwa na simu nyingine ndogo. Akampigia Kiwia kwa hiyo. Kiwia alikuwa ubatizoni huko juu mlimani, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka.

"Kiwia, mama yuko ndani ya banda, gari linawaka. Nimefungua, umekwama njiani. Nibonyeze tena?"

"Usibonyeze." Sauti ilikatika, ikarudi. "Dada, usiguse. Mota ile ina amri moja. Ikikwama ikipanda, ukibonyeza tena inashuka."

Elinuru aliiweka ile simu kubwa kitandani kama mtu anayeweka kisu mezani mbele ya mtoto.

"Na kuna jambo jingine," Kiwia alisema. "Kiboksi kinaona mlango hauko chini. Kinahesabu. Muda ukiisha kitaufunga."

Elinuru akatazama skrini. Kweli, kulikuwa na duara dogo la kijani ambalo siku zote halikuwa likimshughulisha. Sehemu yake ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe.

"Kizuie."

"Siwezi hapa, mtandao hautoshi. Na wewe huna ruhusa ya kubadili, ipo kwangu. Napanda juu, kuna mahali huwa unashika." Simu ikakatika.

Akampigia Baba Manka. Simu iliita mara moja tu, Baba Manka akapokea, na hakuuliza kwa nini. Aliposikia "mama" na "banda" alikuwa ameshatoka nje. Elinuru alisikia mvua ikimpiga, akasikia geti likigongwa na bega. Mkewe Baba Manka, mgonjwa wa figo asiyeweza kutembea mbali, alisikika nyuma akimuuliza anakwenda wapi.

"Nimefika," alisema Baba Manka. "Mlango umeinuka kidogo. Hapa kwenye goti hivi. Moshi unatoka kwa chini."

"Unaweza kupita?"

"Nitapita kwa tumbo."

Elinuru alifumba macho. Alijua kuna neno lazima aliseme, na alijua likisemwa mtu huyu anaweza kurudi nyumbani kwa mkewe, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Baba Manka, subiri. Mlango huo unaweza kushuka wenyewe. Mota haioni mtu."

"Lini?"

Akatazama duara. Lilikuwa limebaki kama kipande cha ndimu. "Muda si mrefu. Kiwia anajaribu kuuzuia. Sijui kama atawahi."

Kwa muda mfupi hakusikia kitu ila mvua na injini. Mlango ule wa chuma ulishawahi kumponda mbwa wa mtaani akafa, na Baba Manka ndiye aliyemzika. Elinuru alimsikia akivuta pumzi.

"Basi usikate simu," alisema. "Ukianza kushuka, niambie."

Akalala chini kwenye maji. Elinuru alisikia shati likikwaruza saruji, kikohozi, kisha kikohozi kingine kikitokea mbali, ndani. Akasikia mlango wa gari. Mngurumo ukazimika, na ukimya uliokuja baada yake ukamtisha kuliko mngurumo wenyewe.

"Mama Elinuru. Mama Elinuru, inuka." Kikohozi. "Ni mzito. Namvuta."

Duara lilikuwa uzi. Elinuru hakuweza kusali. Kila sala aliyoianza ilikatikia kwenye jina la Kiwia. Aliwaza watu wawili chini ya chuma kimoja, na kwamba yeye ndiye aliyeomba mlango ule ujifunge, kwa mdomo wake, akiwa amekaa kwenye kiti kizuri ofisini.

"Kichwa chake kimetoka nje," Baba Manka alisema kwa shida. "Bado miguu. Na mimi."

Uzi ule ukafifia, kisha duara zima likatoweka. Elinuru akapiga kelele, "Toka." Akasubiri mlio wa mnyororo.

Mnyororo haukulia. Mahali pa duara palikuwa patupu. Ile simu ndogo ikatikisika mkononi, na ujumbe wa Kiwia ukaingia, umeandikwa bila nafasi kati ya maneno: nimekizimatayari.

Alipomsikia Baba Manka akitapika kwenye mvua, na pembeni yake mama akikoroma kama mtoto mwenye mafua, Elinuru aliketi sakafuni.

Bi. Ndeanasia alilazwa, akawekewa hewa, akapona. Daktari aliwaambia kwamba muda mfupi tu zaidi ungetosha kummaliza. Aliporudi nyumbani hakutaka kuliona banda. Akawaita wote watatu sebuleni, Elinuru akiwa amesafiri kutoka Dodoma, akauweka ufunguo wa pikapu mezani.

"Gari hili silitaki tena hapa," alisema. "Nikilisikia linawashwa, nasikia ile harufu. Wala sitaliuza, baba yenu aliniomba nisiliuze. Litakwenda kwa aliyenitoa. Mmoja. Sitaki mlimiliki pamoja, mtakuja kugombana nimekufa. Haya, semeni."

Walitazamana. Hakuna aliyesema halihitaji.

Baba Manka ndiye aliyesema kwanza, akiutazama mkeka. "Mimi nampeleka mke wangu kusafishwa damu kila wiki kwa gari la kuazima. Sitaficha, ningelipenda. Na ninyi wote mlikuwa mbali. Aliyekuwa chini ya ule mlango ni mimi, nikiwa nimeambiwa unaweza kushuka. Hadi leo nikilala chali naona unashuka."

"Ungeingiaje, Baba Manka?" Kiwia aliuliza kwa heshima. "Mlango ule ulikuwa umefungwa. Ulifunguliwa kwa kifaa nilichokifunga mimi. Na ulibaki juu kwa sababu nilikimbia mlimani kwenye matope hadi nikaupata mtandao. Nisingefika, mngekuwa wawili. Mama mkubwa, gari hili nimelitengeneza tangu nikiwa shuleni. Vifaa vyangu vya kazi nabeba begani."

"Ulijifunga kwa nini, Kiwia?" alisema Baba Manka.

Kiwia akageuza uso. "Niliagizwa."

"Ni mimi niliyeagiza," alisema Elinuru. "Naye alinionya, nikamkatiza. Lakini ujumbe wa kwamba mlango umefungwa ungeweza kukaa kwenye simu hadi jioni. Nani mwingine angejua? Nilisikia injini ndani ya sauti ya mama. Nilibonyeza, nikajizuia kubonyeza mara ya pili, nikawaita wote wawili. Na gari hilo, mama, nilijifunza kuendesha nikiwa mapajani kwa baba. Ni kitu chake cha mwisho."

Bi. Ndeanasia aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akaunyosha mkono kuelekea kwenye ufunguo, mkono ukasimama.

"Huyu alinisikia," alisema. "Huyu aliuzuia mlango. Huyu alinivuta. Na wawili kati yenu ndio mlionifungia." Akaurudisha mkono mapajani. "Sijui. Kweli, sijui."

Ufunguo uko mezani mpaka sasa, pikapu iko bandani, na watu hao watatu wakikutana njiani husalimiana vizuri ila hawakai sana. Mmeisikia yote, sikuficha kitu. Je, kosa lifute tendo jema, au kila moja lihesabiwe peke yake? Na wewe uliyekaa hapo, ungekuwa ni wewe Bi. Ndeanasia, ungeuweka ufunguo kwenye mkono wa nani?