Behewa la Makaa Siku ya Fainali

Kisa hiki nilisimuliwa, nami nakukabidhi wewe. Ukimaliza kukisoma mpe mwingine, ila majina usiyabadili.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa Ravensclough, aliishi mtu aliyeitwa Enoch Sugden. Siku za wiki alipakua makaa ya mawe kwenye stesheni ya treni. Jumamosi alasiri alicheza raga, na alilipwa kwa kucheza. Kwa sababu ya malipo hayo chama cha zamani cha raga kilimfukuza maisha, maana kiliona ni aibu mtu kupokea ujira wa mchezo. Enoch hakujali. Alikuwa na mabega mapana kama mlango wa ghala, pua iliyovunjika mara mbili, na kicheko kilichosikika hadi nje ya uwanja.

Chama kipya alichojiunga nacho kilikuwa na kanuni moja kali. Kila mchezaji sharti awe na kazi yake nyingine, na aimalize kazi ya wiki nzima, hata ile ya Jumamosi asubuhi. Asiyemaliza hachezi.

Enoch alicheza miaka kumi na miwili bila kushika kombe. Magoti yalikuwa yamechoka, naye akasema huu ndio msimu wake wa mwisho. Mwaka huohuo Ravensclough wakafika fainali, nyumbani kwao, dhidi ya Haddenshaw. Nahodha wa Haddenshaw, Walter Thackray, ndiye aliyemvunja Enoch pua, mara zote mbili.

Asubuhi ya fainali wapakuaji walimaliza mapema, na wenzake Enoch wakakimbilia uwanjani kuwahi nafasi nzuri. Yeye alikuwa bado ananawa mikono lilipoletwa behewa moja lililochelewa, limejaa makaa hadi juu. Lilikuwa la zamu yao.

Msimamizi, Bwana Ogden, alishika kichwa. "Nenda tu, Sugden. Nitawaambia umemaliza."

"Lakini sijamaliza, Bwana Ogden," Enoch akajibu, akachukua beleshi.

Alikuwa hajafika hata robo treni ya Haddenshaw ilipowasili. Wachezaji walishuka na mabegi yao, wakamwona, wakaanza kumtania. Mmoja alimshauri asiharakishe, kwa kuwa makaa hayana miguu. Mwingine aliahidi kumletea kombe alitazame kabla hawajaondoka nalo.

Thackray hakucheka. Alimwuliza Bwana Ogden kuna nini, akaelezwa yote. Akalitazama behewa, kisha saa ya stesheni. Bila Enoch, kombe lilikuwa lake. Akavua koti.

"Mabeleshi mengine yako wapi?" aliuliza.

Watu wake hawakuamini. "Nahodha, huyu ndiye anayetusumbua kila mwaka," mmoja alisema.

"Ndiyo maana," Thackray akajibu, akapanda juu ya behewa.

Walinung'unika kidogo, kisha wakamfuata mmoja mmoja. Wasiopata mabeleshi walitumia mikono. Bwana Ogden alipoliona behewa tupu alisema kwamba yeye ni shahidi wa kazi iliyokwisha, na sasa hadanganyi.

Haddenshaw waliingia uwanjani weusi kama bomba la moshi. Watazamaji waliuliza timu hiyo imetoka mji gani, na habari ilipoenea, watu wa Ravensclough waliwashangilia wageni kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe.

Mchezo ulikuwa mgumu na mzuri. Dakika za mwisho, timu zikiwa sawa, Enoch alipata mpira. Watu wawili walimng'ang'ania mgongoni, akawaburuta. Mbele ya mstari wa goli alibaki Thackray peke yake. Wakagongana, wakaanguka pamoja, na mpira ukatua upande wa pili wa mstari, chini ya mkono wa Enoch. Ravensclough wakashinda.

Mwenyekiti wa Haddenshaw alimfuata nahodha wake kwa hasira. Alimwambia kwamba ameutupa ushindi kwa beleshi.

Thackray alitema tope kwanza. "Mzee, leo tungeweza kulichukua kombe bila taabu," alisema. "Lakini mpaka nife watu wangeniuliza: siku ile, Sugden alikuwa wapi?"

Mwenyekiti akageuka aende zake. Kabla hajaondoka, Enoch alifika akichechemea, amebeba kombe lililojaa chai ya moto. Mdomo wake ulikuwa haujaligusa bado.

"Anza wewe, Walter," alisema.

Thackray akanywa, akafikiri, akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa Ravensclough wana hasira namna ile: chai yao ni mbaya mno. Enoch alicheka mpaka akamwaga nusu yake, na mwenyekiti naye, atake asitake, akacheka.

Funzo: Usifurahie mpinzani wako anapokwama, msaidie afike uwanjani, kwa maana ni yeye tu anayeweza kuupa ushindi wako thamani.