Kwa Nini Nanaa Hupigiwa Makofi

Mnaniona nikilipiga kofi jani la nanaa kabla ya kulitia kwenye brandi, mnakonyezana, mnadhani shangazi yenu ameshaonja kabla wakwe hawajafika. Kaeni hapo. Barafu haitayeyuka yote.

Zamani hizo, milima yetu ikiwa bado haina barabara, mnanaa haukuwa na harufu hata kidogo. Mimea mingine ilikuwa na kazi zake: huu wa tumbo la mtoto, huu wa kuoshea vibuyu. Mnanaa ulitambaa kando ya chemchemi, na watu wakauruka kama waurukavyo tope. Hakuna aliyewahi kuujulia hali. Nao ukaifungia harufu yake ndani ya majani, ukanyamaza.

Enzi hizo kileo cha matunda nacho kilikuwa moto mtupu. Watu walichemsha matunda yaliyochacha, wakakinga mvuke ukidondoka tone tone, karibu sawa na brandi hii, ila hawakuwa na cha kuutuliza. Na hicho ndicho kilichokuwa kinywaji cha suluhu. Waliogombana walipewa kibuyu kimoja: aliyemeza amesamehe, aliyetema amekataa. Sasa niambieni, koo la nani lingemeza moto? Wazee wengi waliitwa wenye roho ngumu, kumbe masikini ni koo tu.

Basi palikuwa na mwanamke kijana, Nambeye, mwenye mtoto anayenyonya. Baba yake na baba mkwe wake waligombana kwa ajili ya ng'ombe wa mahari aliyekufa kabla ya kuzaa. Maneno yakazaa maneno, hata baba akaapa kwamba wasipopatana atamrudisha binti yake nyumbani. Mtoto, kwa desturi, angebaki kwa baba yake. Nambeye alimtazama mwanawe akinyonya, chakula kikamshinda.

Siku ya suluhu ilipofika alihangaika na kile kileo tangu asubuhi. Alitia asali, kikawa kitamu na kikaunguza vilevile. Alitia maziwa, yakaganda. Mwisho akakipeleka kibuyu chemchemini kikapoe, akachuma majani ya mnanaa ya kuzibia mdomo wa kibuyu. Mara akamwona baba yake akishuka njiani, amewahi.

Kwetu binti akikutana na baba yake haanzi kwa maneno. Hupiga magoti, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu. Kuchelewa ni kukosa adabu, na siku ile Nambeye hakutaka kukosea hata kidogo. Akasahau kuyatua majani. Akapiga makofi nayo mikononi.

Mnanaa haukuwa umesalimiwa hata siku moja. Ukaitika. Harufu ikapanda, safi na baridi, na yule mzee aliyekuja amekunja uso akasimama.

"Umepaka nini mikononi, mama?" akauliza.

"Sijapaka kitu, baba. Ni majani tu ya hapa."

Akayatia majani yale kibuyuni. Jioni, mtoto mgongoni, akakiweka kibuyu mbele ya wazee. Baba mkwe alitangulia, macho ameyafumba akiungoja moto. Moto ulikuja, lakini nyuma yake ukaja ubaridi ukaushika mkono. Akameza. Akampa mwenzake.

Baba yake Nambeye alikinusa kibuyu, akakaa nacho muda mrefu. Watu husema ubaridi ndio uliomsaidia kumeza. Mimi nakataa. Yule mzee alinusa salamu ya binti yake, akamwona tena akiwa amepiga magoti pale chemchemini. Atatemaje?

Akameza, akajifuta midomo, akasema, "Abaki na mwanawe."

Na tangu siku hiyo mnanaa una harufu, ila hauitoi sawasawa mpaka usalimiwe. Ukiuponda kwa hasira utakupa uchungu, nawe utakuwa umestahili. Ndiyo maana siwachanganyii wageni jikoni. Brandi, sharubati ya nanaa, barafu, natikisa, nachuja. Lakini jani la juu nalipigia makofi mbele ya mgeni mwenyewe, kwa sababu kwetu hakuna anayekataa glasi ambayo amesikia ikisalimiwa.

Najua yaliyosemwa kati yetu na wakwe mwezi uliopita. Na wao wanajua. Huyo hapo mmoja wao mlangoni, anavua viatu. Nyamazeni basi, asikie.