Ng'ombe wa Maskini Lugendo

Nafasi ya ufadhili wa chuo ilikuwa moja tu, ya mtoto wa maskini. Kamati ilipofika kukagua, tajiri Lugendo aliwapokea amevaa kaptura yenye viraka.

"Na ng'ombe wale?"

"Wa jirani yangu, mjane Semeni," alijibu, akijua binti wa Semeni naye ameomba.

"Kweli, mama?" kamati ilimuuliza Semeni, aliyekuwa amesimama hapo na balozi wa nyumba kumi.

"Mzee wa watu adanganye? Balozi ni shahidi."

Papo hapo mtoto wa Lugendo akapewa nafasi. Semeni akafungua zizi, akaswaga ng'ombe kwenda mnadani kutafuta ada ya bintiye.

"Mwizi!"

"Paza sauti, mzee, kamati bado inakunywa chai kwa balozi. Yule wa maziwa nimekuachia. Maskini lazima ahurumiwe."