Risasi ya Buku na Mwanzi wa Bi Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kusengenyana kama sisi, alikuwako panya wa porini aliyeitwa Buku. Kwa panya wenzake alikuwa mkubwa. Mbele ya Kiboko alikuwa kama punje ya mchele.

Buku hakusahau jambo moja. Mwaka ule nyika ilipoungua, Bi Kanga alimvuta kwenye tope la mto na kumfunika kwa bawa pamoja na vifaranga wake, mpaka moto ukapita. Ncha ya bawa lile iliungua, na manyoya hayakuota tena. Kila Buku alipoitazama, alimshukuru upya moyoni.

Basi mwaka mwingine mpunga wa Bi Kanga ulikuwa karibu kuiva, na Kiboko akaanza kuja kuula kila alfajiri. Ndi! Ndi! Ndi! Anatoka mtoni, anakula, anarudi kulala.

Bi Kanga alikuwa mjane. Mpunga ule ndio chakula cha wanawe kiangazi kizima. Akajenga dungu la kulindia shamba juu ya nguzo ndefu, kama wafanyavyo wote wanaoamia mashamba, akapanda juu na wanawe, wakapiga madebe na kupiga kelele.

Kiboko akacheka. "Pigeni, pigeni! Mimi nikila bila ngoma sishibi!"

Bi Kanga akashuka analia. Buku alipomwona, roho ilimuuma sana.

"Usilie, mama. Nimeokota kitu kwenye kambi iliyoachwa na wawindaji."

Ilikuwa bastola, na ndani yake risasi moja tu.

Alfajiri iliyofuata Buku akapanda dunguni. Kiboko huyo, anakuja. Vifaranga wakaanza kazi yao ya madebe, ngwa! ngwa! ngwa! Buku akakumbatia bastola, akafumba macho, akavuta. Bastola ikamrusha nyuma, akaanguka chini chali, pu!

"Piga basi!" Bi Kanga alimwita kutoka juu.

"Nimeshapiga!"

"Umepiga saa ngapi? Mbona sikusikia?"

Lo! Madebe yalikuwa yamemeza mlio wote. Na Kiboko je? Alijipiga paja kwa mkia, akanung'unika, "Mbung'o wa mwaka huu wakali!" Kisha akaendelea kula.

Buku alikaa chini akishika kichwa. Risasi imempata, na mwenyewe hana habari! Akakumbuka siku za wawindaji: anapigwa mmoja, wanakimbia mia. Wale wengine walikuwa wanakimbia nini? Hapo akainuka na kukung'uta vumbi.

"Mama, jikoni kwako ukikosea ukatia mwanzi mbichi motoni, inakuwaje?"

"Weee! Unapasuka mpaka sufuria inaruka!"

"Basi nikatie pingili moja nene. Na kesho madebe tuyaache nyumbani."

Mchana Buku akaenda kwa Kiboko.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Nani huyo? Simwoni."

"Mimi Buku, niko huku chini. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Kiboko alijibu huku akipiga miayo. "Una shida gani?"

"Nimekuja kukujulia hali. Nasikia umeumwa na mbung'o."

"Aa, kitu gani! Paja linawasha tu."

"Nikutazamie?"

Buku akachokora kwa kucha, akatoa kipande kidogo cha chuma. Akashika mdomo. "Mama yangu! Mzee, huyu si mbung'o. Hii ni risasi!"

"Ri... risasi? Nimepigwa risasi?" Paja lililokuwa likiwasha tu likaanza kuuma papo hapo. "Aii! Mke wangu, njoo unishike! Nakufa!"

"Pole, mzee. Tena hiki ni kitoto, ndiyo maana kilikuja kimya. Mama yake bado hajaja. Yeye akija, huja na sauti."

Kiboko alikosa usingizi. Lakini tumbo lake halikujua woga, na mpunga ulinukia. Alfajiri akatoka mtoni, akinyata.

Shamba lilikuwa kimya. Buku alisimama dunguni peke yake, bastola tupu mikononi. Chini, nyuma ya majani, Bi Kanga alikuwa akichochea moto.

"Leo mbona hampigi madebe?" Kiboko aliuliza.

"Tumenyamaza tumsikie mama, mzee."

Wakangoja. Mwanzi haukupasuka. Kiboko akasogea, akatazama juu, akaanza kutabasamu.

"Wewe panya, unanichezea?" Akaweka mguu kwenye nguzo ya dungu. Nguzo ikalia, kwaa!

Buku alitamani kuruka akimbie. Akalikumbuka bawa lile lililoungua juu yake, akabaki pale pale.

PAAA!

"Mama yake huyo! Nimekufa! Nimekufa!" Kiboko alijibwaga chini, akainuka, akatimua mbio, chubwi! akavuka mto mpaka ng'ambo. Hakuna kilichomgusa hata kidogo.

Mpunga ukavunwa. Bi Kanga akapika wali wa mpunga mpya, na ile bastola akaiweka chini ya figa lililokuwa fupi, sufuria isiyumbe. Akampakulia Buku kwanza, kabla ya wanawe.

"Asante, mwanangu. Sijui nikushukuruje."

"Mimi ndiye wa kushukuru, mama," Buku alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Bila bawa lako, wali huu nisingekuwapo kuula."

Walipokuwa wanakula, sauti nzito ikaita kwa adabu kutoka ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Bwana Buku! Mama yule hajambo?"

"Marahaba!" Buku alijibu, mdomo umejaa wali. "Hajambo, amelala!"

"Basi msimwamshe!"

Na funzo lake, wanangu, ni hili: risasi ilimpata Kiboko naye akaendelea kula, lakini woga wake mwenyewe ndio uliomvusha mto.