Kiti cha Nyuma

Mpasuaji mbao mmoja, jina lake Lameki, alikuwa na mke mgonjwa wa moyo na shamba la miti waliyoipanda pamoja walipooana. Hospitali iliyoweza kumtibu mke huyo, Atuganile, ilikuwa kilomita tisini za milima na ukungu, naye alitakiwa kufika huko mara moja kwa mwezi. Basi lilipita likiwa limejaa, na yeye hakuweza tena kusimama. Miti ilipokomaa wakakubaliana waiuze, wanunue pikipiki kubwa ya kumfikisha.

Lameki alikwenda mjini peke yake. Atuganile alitaka kufuatana naye, akaambiwa atachoka bure.

Kwa muuzaji zilikuwapo pikipiki mbili, zote mitumba, bei moja. Ya kwanza ilikuwa ya chini, imejilaza kama mtu kwenye kochi, nikeli inang'aa, usukani umerudi nyuma kumfuata mwendeshaji. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kipande cha ngozi kisichozidi kiganja. Ya pili ilikuwa ndefu na nzito, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti cha nyuma kipana chenye egemeo. Muuzaji akamwuliza ni nani atakayekaa nyuma, na kwa umbali gani. Lameki akajibu kuwa ni mkewe, tena mara moja tu kwa mwezi.

Kisha akafanya kama wafanyavyo wapasuaji wote wanaponunua msumeno wa mashine: akaziwasha, akafumba macho, akasikiliza. Ya pili ilivuma tu, sawasawa, bila majivuno. Ya chini ilinguruma polepole, kwa kifua. Akawafikiria pia wenzake wa kijiweni, jinsi watakavyoyaona yale masanduku na kumwuliza kama siku hizi ameajiriwa posta. Akanunua ya chini.

Kijiweni walimpa jina la Chifu.

Siku ya kliniki ilipofika, Atuganile alijifunga kanga mbili na kupanda. Hakuwa na pa kuegemea. Upepo ulimpiga usoni, magoti yake yakamfikia kifuani, na kila kona alihisi anamwagika. Kabla ya kilomita ya ishirini aliomba ashuke. Alikaa kando ya barabara, miguu imevimba, pumzi haitoshi, mpaka Lameki akageuza pikipiki na kumrudisha nyumbani polepole.

Angeweza kubadilisha. Muuzaji alimpelekea salamu kwamba ile ndefu bado ipo. Lameki alisema atakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo akasema hivyo hivyo, kwa maana kila jioni alipita njia panda na watu wakanyamaza kumsikiliza akipita.

Mwezi wa pili Atuganile alisema anajisikia nafuu. Lameki aliona vidole vyake vya bluu, akaamua kuamini. Mwezi wa tatu, asubuhi ya kliniki, alimkuta mkewe ameketi mlangoni, hajavaa viatu. Dawa zilikuwa zimekwisha siku tisa zilizopita.

"Wewe nenda tu kijiweni, Baba Edina," alisema. "Chombo chako ni cha mtu mmoja. Mimi nilijua siku ulipokileta."

Hakusema kwa hasira. Lameki akachukua funguo. Kisha akaenda kijiweni.

Atuganile alizikwa kabla ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Matangani wanaume waliizunguka ile pikipiki, wakaisifu kwa sauti za chini, na mmoja akamwomba Chifu aiwashe kidogo wasikie.

Akaiwasha.

Alikuwa amechagua kwa ajili ya siku zote za mwezi ambazo hakuna aliyemhitaji, akaisahau ile moja. Nawe, ndugu yangu, ulipokuwa ukichagua maisha yako, ulimwuliza nani kama atapata pa kukaa?