Kipande cha Juu cha Machimbo

Walikuwapo watu watatu katika mji mmoja wa vilimani, kila mmoja na kipawa chake. Saru, mwanamke mwenye watoto, alijua maji yalikojificha ardhini. Mwakio alipanga mawe bila saruji, na ukuta ukasimama. Mghoi, mke wa Mwakio na mdogo wake Saru, alikuwa na mkono wa miche: watu walisema hata fimbo kavu akiichomeka, huona haya isipochipua.

Nje ya mji palikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ardhi ya serikali. Hakuna aliyeyataka. Watatu hao wakayakodi kwa miaka thelathini.

Saru akazunguka, akasimama, akasema, "Chimbeni hapa." Chemchemi ikatoka. Bila yeye wangekodi vumbi.

Lakini maji yaliteremka na kupotea. Mwakio akajenga ukuta, yakatulia yakawa bwawa. Bila yeye wangeyatazama yakipita.

Mvua kubwa ikashusha udongo, bwawa likajaa tope. Mghoi akapanda miti kingo zote, udongo ukashikana. Bila yeye wangekunywa matope. Mji mzima ukaanza kuchota hapo.

Kisha Mghoi akafa. Wakamzika kipande cha juu cha machimbo, kando ya nyumba aliyojijengea Saru, kwa sababu chini ni mwamba mtupu, jembe haliingii. Kila asubuhi Mwakio hupanda kufagia majani kaburini, na Saru humtolea chai.

Muda wa kukodi ulipokaribia kwisha, wakaomba ardhi iwe yao daima. Afisa wa ardhi akaja kuitazama.

"Chemchemi na bwawa siwezi kutoa," akasema. "Mji unakunywa hapa. Kipande cha juu naweza, lakini kwa mtu mmoja tu; mwingine hana ruhusa ya kukaa. Na sheria inaniruhusu kukataa pia."

"Basi mimi," akasema Mwakio. "Ukuta ni wangu, miti ni ya mke wangu. Tuna sehemu mbili kati ya tatu."

"Shemeji, wewe una nyumba mjini," akajibu Saru. "Mimi nalala hapa. Mghoi nilimpenda kabla hujajua hata jina lake, lakini marehemu haombi paa. Nipe mimi, kaburi sitaligusa."

"Wewe hutaligusa. Wanao je? Si wameshaleta mtu wa hoteli kupima?"

Saru akasema polepole, "Wanangu wana maneno mengi tu. Mimi bado ni mama yao."

"Na utakapokuwa hupo?"

Afisa akakohoa. "Nikikataa, hakuna atakayeuza wala kujenga hoteli juu ya maji ya mji, leo wala kesho. Lakini hakuna atakayekaa. Na kipande kikibaki ardhi ya umma, kaburi haliruhusiwi juu ya maji. Litahamishwa."

"Mnamhamisha aliyeyasafisha maji hayo?" akauliza Mwakio.

"Sikuitunga sheria, mzee. Ila nami nanywa hapa, na wanangu."

Wote watatu wakatazama miti. Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao.

Sasa wewe unayesikiliza, keti mahali pa afisa. Ukimpa Saru, mama ana paa, na wanawe wanangoja. Ukimpa Mwakio, kaburi limetulia, na mgunduzi wa maji anafunga virago. Ukikataa, mji umesalimika, na Mghoi anafukuliwa. Muhuri uko mkononi mwako: utaupiga kwa jina la nani, au utaurudisha mfukoni?